Wodi inang'aa na inanukia dawa, sasa mgonjwa kapataje maambukizi humohumo ndani?

Kuna kauli inasikika sana misibani na kwenye magrupu ya familia: "Alilazwa kwa ajili ya mguu tu, na mguu wala haukumuua, kafa na kitu kingine kabisa alichokipata hukohuko wodini." Baada ya hapo mabishano yanaanza. Mmoja anasema manesi wa siku hizi wachafu, mwingine anasema haiwezekani maana ile hospitali ni ya bei mbaya na sakafu yake unajiona kama kwenye kioo, mwingine anasema ndo maana yeye haendagi hospitali mpaka azidiwe, na hakosekani wa kusema bakteria wapo kila mahali hakuna cha kufanya. Naona hapa kuna vitu vingi vimerundikwa pamoja na vikirundikwa hivyo watu wanaumia, kwa hiyo ngoja tuvitenganishe taratibu.

Tuanze na maana. Bakteria ni viumbe hai wadogo sana, huwaoni bila hadubini, na wengi wao hawana shida na wewe. Tumboni mwako wamo, kwenye ngozi wamo, puani wamo, na baadhi wanakusaidia kabisa. Sio virusi, virusi ni kundi lingine, ndo maana antibayotiki zinaua bakteria lakini mafua ya virusi haziyagusi. Sasa bakteria akiwa amekaa juu ya kitu, mfano chuma cha kitanda au mashine ya presha, tunasema kitu hicho kimechafuliwa, hata kama kwa macho kinaonekana kisafi. Akihamia kwenye ngozi yako au puani akakaa tu bila kukudhuru, umembeba lakini huumwi. Akiingia pasipo pake, yaani kwenye damu, kwenye mshono, kwenye mapafu au kwenye kibofu, akazaliana na mwili ukaanza kupigana naye, hayo sasa ndo maambukizi. Na yale ambayo mgonjwa hakuja nayo, yamempata akiwa anatibiwa, ndo tunayaita maambukizi ya hospitalini, kwa kawaida yanahesabiwa hivyo yakijitokeza kuanzia saa 48 baada ya kulazwa.

Naomba uzishike hizo hatua, kuchafuliwa, kubeba, kuambukizwa, maana ugomvi mwingi wa kwenye magrupu unatokana na kuzichanganya. Kitanda kuwa na bakteria haina maana kila atakayekilalia ataumwa. Lakini pia mtu asikwambie kwamba kwa vile wengi hawaumwi basi kitanda sio tatizo.

Na ukubwa wa jambo lenyewe sio mdogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2022 likasema kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, nchi tajiri wastani wa 7 wanapata angalau ambukizo moja hukohuko hospitalini, na nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu ni 15. Na katika kila 10 wanaoambukizwa mmoja anafariki. Kwa hiyo yule ndugu wa msibani anayesema "alikipata hukohuko" anaweza kuwa sahihi kabisa, anachokosea ni anayemlaumu na sababu anayoitoa.

Kwanini hospitali na sio stendi ya mabasi?

Swali zuri, maana stendi kunaguswa vitu na watu wengi zaidi. Tofauti ni kwamba hospitali inakusanya mambo matatu sehemu moja. Kwanza watu dhaifu: mtoto njiti, mzee mwenye kisukari, mama aliyepasuliwa jana, mtu anayetibiwa saratani ambaye kinga yake imeshuka. Pili watu wenye milango iliyofunguliwa kwenye miili yao. Kanula, kile kibomba cha dripu mkononi, ni mlango wa kuingia kwenye damu, mpira wa mkojo ni mlango wa kwenye kibofu, mshono ni mlango, bomba la mashine ya kupumulia ni mlango mpana kabisa wa kwenye mapafu. Bakteria ambaye tumboni anaishi kwa amani miaka yote, mfano Klebsiella, akipitishwa kwenye kanula kwa mkono usionawa anageuka kuwa muuaji. Tatu, hospitali ni mahali antibayotiki zinapotumika kwa wingi sana, kwa hiyo bakteria wanaobaki mle ni wale waliojifunza kuhimili dawa. Hao ndo wale unasikia wanaitwa sugu. Sio kwamba wana sumu kali zaidi ya wengine, shida ni kwamba ukishaumwa daktari anakosa dawa ya kukupa, au ile inayofanya kazi haipo dukani au bei yake inaifilisi familia.

Sasa anasafirije? Wengi wanadhani hewani. Wapo wanaopita hewani, kifua kikuu ni mfano, lakini hawa wa kwenye vitanda na vifaa safari yao kubwa ni ya kuguswa. Fikiria umekata pilipili mbuzi jikoni halafu hukunawa. Ukashika mlango wa friji, ukashika kikombe, mtoto akaja akashika kilekile kikombe, akajisugua jicho, analia. Wewe hukumgusa mtoto, kikombe kinaonekana kisafi, hakuna aliyeona pilipili ikitembea, na ukiulizwa utaapa kwamba mikono yako ilikuwa safi. Wodini ni hivyohivyo: mgonjwa wa kitanda cha kwanza ana kidonda chenye bakteria, anashika chuma cha kitanda, nesi anakuja anakiinua kile chuma, anageuka anamfungulia dripu mgonjwa wa kitanda cha pili. Imeisha hiyo. Tofauti moja mbaya ni kwamba pilipili inapungua nguvu, bakteria hapungui hivihivi, akipata unyevu na chakula kidogo anaongezeka.

Na wanakaa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Nilikuwa namsikia mtu akisema "bakteria akikauka amekufa", hapana jamani. Mwaka 2006 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi kuhusu bakteria wa hospitali wanakaa muda gani kwenye vitu vikavu, na majibu yanatisha kidogo: Staphylococcus aureus, yule wa majipu na vidonda, siku 7 mpaka miezi 7. Acinetobacter, huyu anapenda sana ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), siku 3 mpaka miezi 5. Klebsiella inaweza kufa ndani ya saa 2, inaweza pia kufikisha zaidi ya miezi 30, inategemea hali. Wengine kama Clostridioides difficile wanaoleta kuhara kukali wanajifungia kwenye ganda gumu na wanakaa miezi 5 wakisubiri. Sasa piga hesabu, mgonjwa karuhusiwa Ijumaa, kitanda kimefutwafutwa juujuu, Jumamosi kaingia mwingine. Tafiti zimeonyesha kabisa kwamba ukiingia kwenye chumba ambacho aliyekutangulia alikuwa na bakteria sugu, uwezekano wa wewe kumpata bakteria yuleyule unaongezeka, japo hamkuwahi kuonana.

Sakafu tunaipenda sana, tunayoyagusa tunayasahau

Hapa ndo kiini cha yote ninayotaka kusema. Angalia nguvu inavyotumika wodini asubuhi. Sakafu inadekiwa, inadekiwa tena, inawekwa dawa yenye harufu kali, mkaguzi akija anatazama sakafu, mgeni akija anasifia sakafu. Lakini mgonjwa hali chakula chake sakafuni wala nesi hashiki sakafu. Vinavyoguswa kila dakika ni vyuma vya pembeni vya kitanda, kabati dogo la pembeni, stendi ya dripu, swichi ya taa, kitasa cha choo, bomba la kunawia, faili la mgonjwa, kalamu inayozunguka mkono kwa mkono, na simu. Simu za kila mtu, za daktari, za nesi, za ndugu, zinazotoka mfukoni kwenda kitandani kwenda sikioni bila kufutwa. Sisemi sakafu iachwe, damu na mikojo ikimwagika lazima isafishwe tena haraka, nasema tu kama sabuni ni kidogo na watu ni wachache basi nguvu ianzie kwenye vitu vinavyoguswa na mikono.

Chukua mashine ya presha. Siku ukiwa umekaa kwenye benchi la OPD, kule wanakotibiwa wasiolazwa, itazame vizuri. Kile kitambaa kinachofungwa mkononi, upande wa ndani unaogusa ngozi mara nyingi umeshabadilika rangi, kwenye pindo kuna jasho lililokauka, na ile sehemu inayonata imejaa nyuzinyuzi na vinywele. Kinafungwa kwa mama mwenye homa, kinafunguliwa, kinafungwa kwa mzee mwenye kidonda, kinafunguliwa, kinafungwa kwa mjamzito. Hakuna anayekifuta kati yao, na sio kwa ubaya, ni kwamba foleni ni ndefu na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kile nacho ni kifaa cha kusafishwa. Stethoskopu vilevile. Mwaka 2014 watafiti wa Geneva walipima madaktari baada ya kumchunguza mgonjwa mmoja tu, wakakuta ile sahani ya stethoskopu inayowekwa kifuani ina bakteria wengi kuliko kiganja cha daktari, ncha za vidole peke yake ndo ziliizidi. Daktari ananawa mikono, vizuri kabisa, stethoskopu inarudi shingoni kama ilivyo.

Kitu kingine cha kutazama ni kile kikopo cha pamba zilizolowekwa kwenye spiriti. Kipo sehemu nyingi sana, nesi anaingiza vidole anachomoa pamba anakufuta kabla ya sindano. Watu wanajua spiriti inaua kila kitu kwa hiyo kikopo lazima kiwe kisafi, kumbe Shirika la Afya Duniani limekataza kabisa kuloweka pamba mapema kwenye kikopo, kwa sababu vidole vinaingia na kutoka siku nzima, spiriti inapungua nguvu kwa kuyeyukia hewani, na bakteria wanapata makazi. Pamba kavu na safi, unaimwagia spiriti muda huohuo wa kutumia, basi.

"Hospitali ya gharama haina mambo hayo"

Hili naomba tulizike leo. Mwaka 2011 hospitali ya utafiti ya taasisi za taifa za afya za Marekani pale Bethesda, Maryland, moja ya sehemu zenye wataalamu na vifaa kuliko karibu popote duniani, ilipata mlipuko wa Klebsiella sugu. Alianza mgonjwa mmoja aliyehamishiwa pale mwezi wa sita, akawekwa peke yake, wakachukua tahadhari, akapona akaruhusiwa. Wiki kadhaa baadaye akatokea mwingine, halafu mwingine. Mpaka inaisha walikuwa 18, 11 wakafariki, na 6 kati ya hao ilithibitika ni maambukizi hayo yaliyowaua. Walipopima vinasaba vya bakteria ili wajue kapita wapi walimkuta kwenye mifereji ya masinki na kwenye mashine ya kupumulia ambayo ilikuwa imeshasafishwa. Imeshasafishwa! Ilibidi wajenge ukuta kuwatenga wagonjwa na wapulize mvuke wa haidrojeni peroksaidi vyumbani.

Belfast, Ireland ya Kaskazini, Januari 2012, watoto wachanga 3 walifariki kwenye wodi ya watoto njiti ya hospitali ya Royal Jubilee kwa bakteria anaitwa Pseudomonas, na uchunguzi ukaelekea kwenye mabomba ya maji. Pseudomonas anapenda maji, anajishikiza ndani ya mdomo wa bomba na kujifunika utelezi kama ule unaoukuta ndani ya ndoo ya maji iliyokaa siku nyingi bila kusuguliwa. Akishajifunika hivyo dawa inapita juu yake haimfikii. Yaani bomba la kunawia mikono ndo lilikuwa chanzo. Na Afrika Kusini mwishoni mwa 2019 watoto wachanga 10 walifariki kwenye hospitali ya Tembisa kwa bakteria sugu, wodi ikiwa imejaa kupita uwezo wake.

Kwetu pia tumechunguzwa. Mwanza, watafiti waliokuwa wakifuatilia maambukizi ya damu kwa watoto na wagonjwa mahututi pale hospitali ya Bugando walichapisha mwaka 2020 kazi iliyopima sio damu tu, walipima na vitanda vya watoto na mikono ya mama zao, na wakaonyesha kwamba vitanda vilivyochafuliwa na mikono ya akina mama ni sehemu ya njia ambayo bakteria sugu wanapita. Hili linanigusa sana kwa sababu hakuna anayempenda yule mtoto kuliko mama yake, na mama yule hajafundishwa na mtu, kaambiwa tu asubuhi na jioni aje kunyonyesha. Kama kuna kitu kimoja cha bei rahisi kinachoweza kufanyika kesho, ni mama kuelekezwa anawe lini na anawe vipi, na maji yawepo.

Na maji ndo mtihani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma ya msingi ya usafi wa mikono, yaani maji na sabuni au sanitaiza pale wagonjwa wanapohudumiwa na chooni. Kwa hiyo ukimlaumu nesi kwamba hanawi, uliza kwanza ananawia wapi. Sehemu nyingine kuna ndoo yenye koki, nzuri, lakini tazama inavyotumika: mtu anafungua koki kwa mkono mchafu, ananawa vizuri sekunde zote zinazotakiwa, halafu anafunga koki ileile kwa mkono uliotoka kunawa. Karudi alipotoka. Koki ya kusukuma kwa kiwiko inamaliza hilo, na kama haipo ifungwe kwa karatasi.

Kusafisha sio kumwaga dawa

Kosa la jumla, nyumbani na hospitalini, ni kudhani dawa ndo inasafisha. Kuna kazi mbili tofauti na zina mpangilio. Ya kwanza ni kutoa uchafu kwa maji, sabuni na kusugua. Ya pili ni kuua bakteria waliobaki kwa dawa, mfano klorini au spiriti. Ukiruka ya kwanza ukaenda ya pili umepoteza dawa yako, kwa sababu klorini ikikutana na damu, usaha au vumbi inaishia kupambana na ule uchafu na bakteria wa chini wanabaki salama. Ndo maana kumwagia Jik kwenye kitu kichafu hakusaidii sana japo harufu inakupa moyo.

Halafu muda. Dawa inahitaji kukaa ikiwa mbichi juu ya kitu kwa dakika kadhaa zilizoandikwa kwenye lebo yake. Ukipaka na hapohapo ukapita na kitambaa kikavu ili ing'ae, umeifuta kabla haijafanya kazi. Na spiriti nzuri ni ile ya asilimia 70 hivi, watu wanashangaa kwanini sio 100, ni kwa sababu maji kidogo yanaisaidia kuvuruga protini za bakteria, na ile kali kabisa inayeyuka haraka mno.

Klorini nayo ina hesabu zake. Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5 manesi wengi wanaijua kwa kanuni ya moja kwa sita, kikombe kimoja cha Jik vikombe sita vya maji, unapata asilimia 0.5, hiyo ndo ya kutumia palipomwagika damu. Lakini soma lebo kwanza maana sio kila chupa ina asilimia hiyo. Ichanganywe mpya kila siku, ifunikwe, isikae juani, maana inachoka. Na tafadhali sana isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi ili "iwe kali zaidi", mchanganyiko ule unatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Kitambaa cha kufutia ni habari nyingine. Kitambaa kimoja, beseni moja, kuanzia kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho, hapo hujasafisha wodi, umegawa bakteria wa kitanda cha kwanza kwa wodi nzima kwa usawa. Kila kitanda kiwe na kitambaa chake, ianzwe kusafisha palipo pasafi kwenda palipo pachafu, juu kwenda chini, na maji yabadilishwe. Hii ni kazi ya kitaalamu, tena inaokoa maisha, na anayeifanya mara nyingi ni dada wa kampuni ya usafi anayelipwa kidogo kuliko wote kwenye lile jengo, kapewa dekio na ndoo siku ya kwanza bila kuelekezwa chochote. Kwa maoni yangu hospitali ikiwa na hela ya mafunzo ya mtu mmoja tu mwaka huu, impeleke huyo dada.

Vifaa navyo havifanani na sio kila kifaa kinahitaji nguvu ileile. Kinachogusa ngozi isiyo na kidonda tu, kama kitambaa cha presha, kinatosha kusafishwa na kufutwa dawa. Kinachogusa sehemu laini za ndani kama koo au utumbo, mfano kamera za kuchungulia tumbo, kinahitaji dawa kali zaidi na muda mrefu. Kinachoingia kwenye damu au nyama, kama mikasi ya upasuaji, lazima kitakaswe kabisa asibaki hata bakteria mmoja, na njia kuu ni autoklevu, mashine ya mvuke wenye presha inayofika nyuzi 121 au 134. Zile kamera ndo zinasumbua zaidi kwa sababu haziwezi kuvumilia joto hilo na zina vijinjia vyembamba sana ndani. Mwaka 2015 hospitali ya UCLA kule Los Angeles ilitangaza wagonjwa 7 walioambukizwa bakteria sugu kupitia kamera za aina hiyo, 2 walifariki, na kamera zilikuwa zimesafishwa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Ikabidi umbo la kifaa chenyewe liangaliwe upya.

Na ule utepe wa kwenye pakiti za autoklevu unaobadilika rangi, unachosema ni kwamba pakiti imepita kwenye joto. Hausemi kwamba vilivyomo ndani vimetakasika. Mkasi ulioingia na damu iliyoganda kwenye kiungo utatoka na utepe mzuri na damu ileile.

Mengine yanayosemwa

Glovu. Glovu inamlinda aliyeivaa, haimlindi mgonjwa wa pili kama haijabadilishwa. Mtu akivaa glovu moja akazunguka nayo wodi nzima ni afadhali angekuwa hajavaa angekumbuka kunawa. Na ukivua bado unanawa, maana glovu zinatoboka na kuvua kwenyewe kunachafua.

Sanitaiza inaua karibu wote lakini yule wa kuhara niliyemtaja mwenye ganda haimuui, huyo anatolewa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mikono yenye uchafu unaoonekana nayo ni sabuni na maji.

Kupuliza dawa chumba kizima kama tulivyozoea kuona wakati wa korona, Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema kupulizia vyumba hivyo hakushauriwi kama njia ya kawaida, dawa haifiki nyuma ya vitu na haipenyi uchafu. Ule mvuke wa Bethesda ni mtambo maalumu, chumba kitupu kilichozibwa, tena baada ya kusafishwa kwa mkono.

Kunywa antibayotiki kabla ya kwenda kulazwa "ili kujikinga", usifanye kabisa. Unaua bakteria wako wazuri unawaachia nafasi wale sugu wa wodini. Ipo dawa inayotolewa kabla ya upasuaji lakini hiyo anapanga daktari, na inatolewa karibu na muda wa kupasuliwa.

Na lile la kutokwenda hospitali. Mtu mwenye uchungu uliokwama au mtoto mwenye malaria kali akibaki nyumbani kwa kuogopa bakteria wa wodini, kinachomuua ni kile alichobaki nacho nyumbani. Hatari ya wodini ipo na inapunguzika, nenda ukiwa unajua.

Wewe unayeuguza ufanye nini

Nawa ukiingia na ukitoka, na kabla ya kumlisha. Usikae kwenye kitanda cha mgonjwa wala cha jirani yake, na usiweke mkoba wako uliotoka kwenye daladala juu ya kitanda. Usiende kumsaidia mgonjwa wa pembeni kunywa uji halafu ukarudi kwa wako bila kunawa, najua ni utu wetu kusaidiana na endelea kusaidia, nawa tu katikati. Watoto wadogo wabaki nyumbani. Usiiguse kanula na plasta yake, na ukiona pale ilipo pamekuwa pekundu, pamevimba au panauma mwambie nesi hapohapo. Kila siku uliza kama mpira wa mkojo na kanula bado vinahitajika, maana kila siku inayoongezeka mlango unabaki wazi, na wakati mwingine kifaa kimebaki kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kukitoa.

Kuhusu kumwambia mhudumu anawe, watu wengi wanaogopa ataudhika na mgonjwa atatengwa. Kuna namna ya kusema. "Samahani nesi, hapa kuna sanitaiza kama utahitaji kabla hujamgusa mama" inafika bila kumvunjia mtu heshima, tena ukiwa na kichupa chako mkononi unakipeleka mbele. "Daktari, shikamoo, naomba tufute kidogo hiyo ya kifuani" nayo ni sawa. Wengi watashukuru, wana wagonjwa wengi na wamechoka.

Mkisharuhusiwa kazi haijaisha. Maambukizi ya mshono yanaweza kujitokeza mpaka siku 30 baada ya upasuaji, na kama kimewekwa chuma au kiungo bandia ndani, hata siku 90. Homa, mshono kuwa wa moto na mwekundu, usaha, harufu, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au mama aliyejifungua kutokwa na uchafu wenye harufu mbaya, rudini hospitali siku hiyohiyo na mkaseme wazi kwamba alilazwa wapi na lini. Msipitie duka la dawa kununua antibayotiki za kubahatisha, muombeni daktari usaha au damu ipimwe kwanza kama maabara ipo, ili ijulikane ni bakteria gani na dawa gani inamuweza.